Kliniki yetu ya kijijini Kansas, Marekani, inakimbiwa na ma-NP (nurse practitioner) kila mara, tufanyeje wabaki?

MamaNia_KS ameandika:

Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa. Mimi humu huwa nasoma napita tu lakini leo naomba mnisikilize maana jana nimelala na hili jambo na leo nimeamka nalo.

Niko magharibi mwa Kansas, mwaka wa 9 huu, nyumbani ni Kasulu. Nilianza kama CNA (msaidizi wa manesi), nikahamia mapokezi, sasa hivi ndio ofisi meneja wa kliniki moja ndogo ambayo jina lake naliacha. Mji wetu hauna daktari anayeishi hapa. Daktari anakuja siku moja kwa wiki kutoka mji mwingine, siku zilizobaki kliniki nzima anaibeba NP mmoja mgongoni. Hospitali kubwa ya maana iko Wichita, na kutoka hapa hadi Wichita ukiwa na mgonjwa kwenye gari ni safari ya kuomba Mungu.

Kwa mlio nyumbani ambao NP hamjamzoea, huyu ni nesi aliyerudi chuo akasoma mastazi au zaidi, anapima mgonjwa, anautaja ugonjwa, anaandika dawa, anasoma majibu ya maabara, yaani kazi nyingi ambazo kwetu ungezikuta kwa tabibu wa kituo cha afya. Hii kada ilianzia University of Colorado mwaka 1965, nesi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver ndio walioianzisha, na sababu ilikuwa hii hii ninayoilia hapa, watoto wa vijijini hawakuwa na wa kuwaangalia. Kwa hiyo inaniuma sana kuona kada iliyozaliwa kwa ajili ya vijiji ndio hiyo hiyo vijiji tunaikosa.

Sasa stori yetu. Ndani ya miaka 5 tumeshapata NP watatu. Wa kwanza alikaa miezi 14. Wa pili alikaa miaka 2 kamili, serikali ilipomaliza kumlipia mkopo wa chuo tu akaaga, wala simlaumu, alitimiza mkataba wake. Wa tatu ndio huyu, ana miezi 11, jana kaniletea barua mkononi huku analia. Tumebaki na siku 60.

Wagonjwa wetu ni wakulima wa ngano wazee wenye sukari na presha, na upande wa pili ni watu wa kiwanda cha nyama, Walatino, Wasomali, na Wakongomani wengi waliotokea Nyarugusu na Kakuma. Kuna mama mmoja wa Kikongo anakata nyama kiwandani, vidole vimekufa ganzi, usiku halali. Hadithi ya mikono yake ameshaisimulia kwa NP wote watatu, kila mmoja anaanza upya, kila mmoja anamwambia arudi baada ya wiki 6. Wiki iliyopita mimi ndio nilikuwa namtafsiria, tulipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na huyu naye atatuacha siku gani?" Sikuwa na jibu, na nilikuwa sijajua kama barua inakuja.

Bodi inakutana mwezi ujao na wazo lao ni moja tu, bonasi ya kusaini, yaani hela anayopewa mtu akisaini mkataba, iongezwe mara mbili. Mimi moyo wangu unakataa, ila kukataa bila kuwa na la kusema sio hoja. Humu najua mko ma-NP, ma-RN (manesi waliosajiliwa), watu wa ofisi, na wengine mmeacha kazi za vijijini kabisa. Niambieni ukweli, mliondoka kwa nini, na nini kingewafanya mbaki?

---

FNP_Texas amejibu:

Dada pole sana. Mimi ni Mkenya, FNP (NP wa familia) mwaka wa 7, na niliacha kliniki ya kijijini huku Texas baada ya mwaka na nusu so naongea kama huyo NP wako aliyelia.

Sikuondoka sababu ya pesa. Ukweli wa Mungu pesa ilikuwa sawa na mjini, na nyumba ilikuwa bei rahisi. Niliondoka juu ya upweke wa kazi yenyewe. Nilitoka chuo moja kwa moja, nikawekwa kwenye kliniki peke yangu, siku ya 3 akaingia mzee ana maumivu ya kifua na mwingine chumba cha pili ana kidonda cha mguu kinanuka na mtoto chumba cha tatu anakohoa, na hakuna mtu hata mmoja kwenye jengo wa kumuuliza "hebu njoo uangalie hii na mimi". Daktari msimamizi alikuwa mbali, ukimpigia anapokea jioni. Usiku niko kol, yaani zamu ya kupigiwa simu na wagonjwa, simu iko kwa mto. Nikimaliza wagonjwa saa 11 jioni bado nina majibu ya maabara na maombi ya dawa na mafaili ya kwenye kompyuta, nayamaliza saa 5 usiku watoto wameshalala. Wikendi nikienda kununua maziwa mtu ananionyesha upele kwa duka. Nilikuwa nawapenda wale watu, na bado nawaota, lakini mwili ulikuwa umekataa.

Mtu akikuambia ma-NP hawataki vijiji usimwamini. Wengi tunatoka vijijini, mimi nimezaliwa mashambani huko Bomet, nataabika zaidi kwa foleni ya Houston kuliko kwa barabara ya vumbi. Kitu kinachotutoa ni kuachwa peke yako na maamuzi ya kuua na kuponya.

Angalia hiyo kol kwanza. NP wako anakuwa kol usiku ngapi kwa mwezi? Na je, ana muda uliotengwa ndani ya siku wa kufanya mafaili, ama mmemjazia wagonjwa kutoka asubuhi mpaka jioni? Hayo mawili hayagharimu kama bonasi ila ndio yanamaliza mtu.

Na kuna kitu nyinyi Kansas mnacho sisi hatuna. Huku Texas siwezi andika dawa bila makubaliano ya kusainiwa na daktari, na wengine wanalipa daktari kila mwezi ili asaini tu, mtu ambaye hata mgonjwa hajamwona. Kansas waliondoa hiyo mwaka 2022, NP anaandika dawa bila ile karatasi. Tangazo lenu la kazi linasema hivyo kwenye mstari wa kwanza? Juu mimi ningesoma hiyo ningesimama nisome tena.

---

MamaNia_KS amejibu:

Asante sana kaka, umenigusa. Kol anakuwa kila usiku isipokuwa wikendi moja kwa mwezi. Nikiiandika hivi naona aibu kuiona. Na mafaili anayafanya nyumbani, ndio. Tangazo letu halisemi chochote kuhusu 2022, tangazo liliandikwa kabla na tumekuwa tukilirudia tu.

---

Karani_wa_Iowa amejibu:

Dada Mama Nia mimi sio nesi, mimi nafanya makaratasi ya kliniki kama yenu, nimeyafanya miaka mingi, so niongee upande wangu kidogo maana watu wengi wanapoteza hapa.

Umesema yule wa pili serikali ilimlipia mkopo, bila shaka ni National Health Service Corps (NHSC). Kwa wasiojua, hawa wanalipa mkopo wa chuo kwa mtu anayekubali kufanya kazi miaka 2 mahali penye upungufu. Kwa muda mrefu ilikuwa hadi dola 50,000 kwa full-time, mwaka 2024 wakaipandisha hadi 75,000 kwa watu wa praimari kea (huduma ya msingi) wakiwemo ma-NP, na haikatwi kodi. Baada ya miaka 2 anaweza kuomba kuongeza mwaka mmoja mmoja ilimradi bado ana deni. Na hapo ndipo mnapokosea wengi, mnasubiri miaka 2 iishe ndio mnamuuliza "vipi unabaki?" wakati mwenzenu alishaanza kutuma maombi kwingine tangu mwezi wa 18. Mazungumzo ya kubaki yanatakiwa kufanyika mwaka wa kwanza, tena na wewe ndio uyaanzishe.

Pointi ya pili, na hii ndugu zangu wa diaspora isikilizeni vizuri, NHSC inataka uraia wa Marekani. Grinkadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) haitoshi. Nimeona NP Mkenya mzuri kabisa anachukua kazi kijijini kwa kuahidiwa hiyo hela halafu anakuja kugundua hafai, akabaki na uchungu na waliomwajiri. Ila Nurse Corps, mpango mwingine wa serikali kwa manesi, wenyewe wanakubali mwenye grinkadi, hao wanalipa asilimia 60 ya deni kwa miaka 2 na asilimia 25 nyingine ukiongeza mwaka wa tatu, ila hiyo kodi inakatwa. Ofisi inayoajiri ndio inatakiwa kujua haya na kumwambia mtu kabla hajasaini, sio aje kuyasoma peke yake usiku.

Halafu kuna ile ya miaka 10, PSLF, malipo 120 huku unafanya kazi serikalini au kwenye shirika lisilo la faida, deni linalobaki linafutwa. Kama kliniki yenu iko chini ya hospitali ya kaunti, ambayo kwa Kansas ni kawaida, NP wenu anafaa. Hii mimi naipenda kuliko zote kwa suala la kubaki maana inamtaka mtu akae miaka mingi, sio 2. Na huko kwenu kuna Rural Opportunity Zones, kaunti zilizojiunga zinasaidia deni la chuo hadi dola 15,000 kwa miaka 5 kwa mtu anayehamia. Ulizia kwenye kaunti yako leo leo kama bado wanapokea watu.

Nyingine ndogo, hakikisha kliniki yenyewe bado imeidhinishwa na NHSC. Hiyo sio ya milele, mnatakiwa muwe na bei za kushuka kulingana na kipato cha mgonjwa na msimkatae mtu kwa kukosa hela. Na angalieni namba yenu ya upungufu, ile inayoonyesha eneo lenu lina uhaba wa wahudumu kiasi gani, inaenda kuanzia 0 hadi 25, hela zinapokuwa kidogo wanaanza na wenye namba kubwa.

---

Baba_Brayan amejibu:

Mimi ntaongea kitu hamtapenda. Pesa. Tusizungukane. Mke wangu ni NP Minnesota, anapigiwa na mawakala kila wiki, na ofa za vijijini ndio zinakuja na maneno mazuri na picha za ng'ombe na machweo, ukifungua mshahara unakuta uko chini ya mjini. Unamtaka mtu aache kanisa lake, aache shule nzuri ya watoto, aache duka la unga wa ugali, afanye kazi ya watu watatu, halafu umlipe pungufu? Kwenye bonasi ya kusaini nakubaliana na wewe dada, hiyo ni ya kuvuta mtu sio ya kumweka. Lakini mshahara wa kila mwezi ongezeni, msijifiche nyuma ya "upendo kwa jamii".

---

FNP_Texas amejibu:

@Baba_Brayan sikupingi mkuu, mshahara mbaya unafukuza mtu siku ya kwanza. Nasema tu mshahara mzuri peke yake haukuwahi kunilaza usingizi.

---

Karani_wa_Iowa amejibu:

Baba Brayan yuko sahihi zaidi ya anavyojua, na niongeze kitu. Bodi nyingi zinasema hatuna hela ya kumlipa NP zaidi kwa sababu Medicare (bima ya serikali ya wazee) inamlipa NP asilimia 85 ya kile inachomlipa daktari. Ni kweli kwa ofisi za kawaida. Lakini kama nyinyi ni Rural Health Clinic iliyosajiliwa, na kwa maelezo yako dada nadhani ndio nyinyi, mnalipwa kiwango kimoja kwa kila ziara ya mgonjwa, aonwe na NP aonwe na daktari ni ile ile. Sheria yenyewe ya 1977 iliyoanzisha hizo kliniki inalazimisha awepo NP au PA (msaidizi wa daktari) au mkunga angalau nusu ya muda mnaokuwa wazi. Maana yake NP wenu akiondoka msipate mwingine hamkosi tu mhudumu, mnaweza kuukosa usajili unaowalisha. Hiyo namba ipeleke kwenye bodi. Piga hesabu wakati wa pengo mlilipa wakala kiasi gani kuleta NP wa muda, piga na ziara mlizozipoteza, weka pembeni ya nyongeza ya mshahara anayoiomba huyu mama aliyelia. Sijawahi kuona mahali hiyo hesabu ikatoka upande wa kumwacha aende.

Tatizo la kweli la Kansas ni kwamba jimbo halikupanua Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo), so mna wagonjwa wengi wasio na bima yoyote, hapo ndipo hela inapovujia. Hilo NP hawezi kulibeba.

---

Nesi_wa_Zahanati amejibu:

Hamjambo wapendwa, mimi niko nyumbani, mkoa wa Kigoma, zahanati ya kijiji, na ninasoma haya ya Marekani naona kama mnaongelea huku kwetu.

Tangu Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 wa zahanati kila kijiji majengo yamejengwa mengi, watu wa kukaa ndani ya majengo ndio kazi. Mimi nimekaa kijijini mwaka wa 12, nimeona wenzangu wanaripoti Jumatatu, Ijumaa wanaanza kutafuta uhamisho. Unajua sababu ya kwanza wanayoiandika kwenye barua? Kufuata mwenza. Sio mshahara, mwenza. Mume yuko Mwanza mke yuko huku, hiyo ndoa itasimama vipi? Mimi nilibaki kwa sababu mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa, na kijiji kilitupa nyumba yenye bati na tanki la maji. Ile nyumba. Sitaki niwadanganye, ile nyumba ndio ilinifanya nikae mwaka wa kwanza na wa pili mpaka nikazoea, baadaye nikawa siwezi tena kuondoka maana nusu ya watoto wa darasa la 3 nimewazalisha mimi.

Kwa hiyo dada Mama Nia swali langu kwako ni moja. Huyo anayeondoka, mume wake anafanya kazi gani na anaifanyia wapi?

---

MamaNia_KS amejibu:

Dada wa Kigoma shikamoo, umenipata. Mume wake ni mhasibu, kazi yake iko mbali anaendesha zaidi ya saa moja kwenda na saa moja kurudi, baridi ya mwezi wa 1 barabara ikiwa barafu anabaki hukohuko. Na mtoto wao wa pili amechelewa kuongea, anahitaji mtaalamu wa kumfundisha kuongea, karibu hakuna. Mimi haya nimeyajua jana. JANA. Miezi 11 tunakula chakula cha mchana pamoja sikuwahi kumuuliza mumeo anaendeleaje na kazi. Nilimuuliza habari za wagonjwa kila siku.

Na cha kusikitisha hospitali ya kaunti ilikuwa inatafuta mtu wa mahesabu mwezi wa 3, tangazo lilikuwa kwenye ubao nje ya mlango wangu.

---

Nesi_wa_Zahanati amejibu:

Usijilaumu mdogo wangu. Huku kwetu mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemtafutia mume wangu nafasi ya kuhamia, alienda mwenyewe halmashauri mara 4. Tafuteni mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo, kumjua mgeni anaishi vipi. Asiwe bosi wake.

---

Binti_Uvira amejibu:

Jambo wote. Miye ni Mkongomani, nilikomalia kambini Nyarugusu, sasa niko RN hapa Nebraska na niko nasoma FNP kwa mtandao, nimebakiza mwaka moja. Nimesoma hii yote nikalia kidogo juu ya huyo mama wa vidole, mama yangu mzazi alifanya kazi ile ile ya kukata nyama.

Ninyi wote munaongea namna ya kuleta mtu kutoka inje. Miye nauliza, ndani ya hiyo kliniki hakuna RN ambaye ni mtoto wa pale? Mtu ambaye bibi yake amezikwa pale? Huyo ndiye atabaki. WHO walitoa mwongozo wao wa kushikilia wafanyakazi wa afya vijijini mwaka 2010, wakaurudilia 2021, na jambo wanaloliweka mbele ni hilo, chukueni wanafunzi waliokomalia kijijini, wafundisheni karibu na kwao. Si jambo la ajabu, kila mutu anajua, lakini hela bado inaenda kwa bonasi za wageni.

Sasa shida iko wapi. Nitawaambia juu ndiyo maisha yangu ya sasa. Chuo kinanifundisha kwa kompyuta sawa, ila masaa ya kukaa na mgonjwa chini ya prisepta (mtu mzoefu wa kumsimamia mwanafunzi) lazima nitafute mwenyewe. Zamani ilikuwa angalau masaa 500, kigezo kipya cha 2022 kimepandisha kuwa 750. Nimepigia makliniki 31. Wengine hawajibu, wengine wanakwambia tunachukua wa chuo chetu tu, na kuna makampuni yanakuuzia prisepta kwa maelfu ya dola. RN wa kijijini mwenye watoto wawili na shifti za usiku atatoa wapi? Anakata tamaa, anabaki RN, na kliniki inaendelea kutafuta NP kutoka Dallas. Kliniki ikimwambia mtu wake "soma, sisi tutakupa prisepta hapa hapa, tutakupunguzia shifti, tutakulipia nusu ya ada, wewe utatufanyia miaka 4", huyo mutu atakwenda wapi?

Na akimaliza musimwache peke yake kama walivyomwacha kaka wa Texas. Kuna mafunzo ya mwaka moja baada ya chuo, ya NP mpya kukaa chini ya wakubwa kabla hajabeba wagonjwa wengi. Community Health Center ya Connecticut ndio walianza 2007. Kliniki ndogo haiwezi kuyaanzisha peke yake, lakini inaweza kumpa NP mpya miezi 6 ya wagonjwa wachache na mkubwa wa kumpigia simu mchana, si jioni. Tena kuna Project ECHO, ilianzia New Mexico 2003 na daktari Sanjeev Arora kwa ajili ya ugonjwa wa ini, mabingwa wa hospitali kubwa wanakaa kwa video na wahudumu wa vijijini wanajadili wagonjwa pamoja. Prof wangu alituingiza mara moja, NP moja wa kijijini alileta mgonjwa wake, na namna alivyotoka pale uso umelegea, nilisema mimi ile nitaitafuta popote nitafanya kazi.

Jambo la mwisho, lugha. NHSC wana nyongeza ya dola 5,000 kwa anayejua Kispanyola. Ni vizuri. Kwa Kiswahili hakuna, lakini ninyi wenyewe wa kliniki munaweza kumlipa zaidi mutu anayeongea na wagonjwa bila mkalimani. Na dada Mama Nia, wewe ni ofisi meneja unatafsiri bure, hiyo nayo si sawa. Kliniki inayopokea hela ya serikali kuu inapaswa kutoa mkalimani, hiyo ni Title VI ya sheria ya haki za kiraia ya 1964. NP anayemsubiri meneja amalize simu ndio aongee na mgonjwa, naye anachoka mapema.

---

Baba_Brayan amejibu:

Binti Uvira umeongea kitu cha maana sana, mke wangu amesoma hapa pembeni yangu anasema yeye alilipia prisepta kutoka mfukoni na mpaka leo inamuuma. Anasema pia atakuwa tayari kuongea na wewe kuhusu mtihani wa bodi, ule wa kuthibitishwa kuwa NP.

---

FNP_Texas amejibu:

Dada wa Uvira usikate tamaa, clinic 31 ni nyingi lakini wa 32 anaweza kuwa ndio. Na mimi nakubali hiyo ya mtoto wa nyumbani, ila nionye kidogo. Kule nilipokuwa tulikuwa na RN mzaliwa wa pale akawa NP, wakamjazia kol zangu zote nilipoondoka wakisema yeye amezoea, yeye ni wa hapa. Alikaa miaka 3 akahamia Lubbock. Mzaliwa naye anachoka.

---

MamaNia_KS amejibu:

Jamani sina maneno. Nimeprinti uzi wote, nimeukunja uko kwenye mkoba.

Leo mchana nimefanya vitu viwili. Kwanza nimekaa na huyu NP wetu, nikamwambia sikuja kukubembeleza nimekuja kuuliza. Amesema akipata usiku wa kol usiozidi 8 kwa mwezi, wengine wagawane na hospitali ya kaunti, na masaa 4 ya mafaili kila wiki ndani ya muda wa kazi, na mume wake akipata hata usaili tu wa kazi ya karibu, barua yake anaweza kuisogeza mbele miezi 6 aone. La mtoto bado, nimepiga simu wilaya ya shule kuuliza yule mtaalamu wa kuongea anakuja siku gani na kama kwa video inawezekana, wamesema watanirudia Alhamisi. Simwambii mtu kwamba amebaki. Amesema miezi 6.

Pili, RN wetu. Yupo. Amezaliwa hapa, babu yake alilima ngano hapa, ana miaka 34, na ana Kispanyola cha kutosha maana mume wake ni wa familia ya Chihuahua. Nikamuuliza umewahi kufikiria FNP? Akacheka kwanza, halafu akafungua droo akanitolea barua ya kukubaliwa chuo ya mwaka juzi. Alikubaliwa. Hakwenda kwa sababu ya hiyo hiyo aliyoisema Binti Uvira, hakupata wa kumsimamia na hakuna aliyemuuliza. Ile barua ameitunza miaka 2 kwenye droo, hatua 10 kutoka kwenye dawati langu.

Bodi ni tarehe 14. Nitakwenda na hesabu ya Karani, na nitaomba hela ya bonasi igawanywe, sehemu ada ya huyu RN, sehemu mkalimani wa Kiswahili na Kisomali, sehemu kol. Karani wa Iowa naomba kama unaweza unitazamie ile karatasi ya hesabu kabla sijaipeleka, ntakutumia inbox. Na kama kuna mtu humu anamjua NP au daktari maeneo ya Garden City, Dodge City au hata Hays anayeweza kumpokea mwanafunzi kwa masaa ambayo sisi hatuwezi kumpa, ya watoto na ya kina mama wajawazito, aniambie. Anaweza kuendesha hadi maili 90.